Maman Berthe na Vumbi la Shaba

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Nimefika ofisini Flagey, hapa Ubelgiji, soksi zikiwa zimelowa, na Jean-Pierre, mhariri wetu, amenipokea kwa lile tabasamu la mtu anayetaka kukutwika mzigo. Toleo la Januari la jarida letu la sayansi litahusu wanawake waliofanya kazi kubwa za sayansi wakasahauliwa. Kila mwandishi atafute wake. "Wewe, Viviane, tuletee Mkongomani," amesema, kana kwamba Wakongomani wanauzwa kwa kilo pale chini siku ya soko. "Aliye hai. Na msomaji alie kidogo, hein?"

Nimekubali. Jean-Pierre ana moyo mzuri, ila anapenda machozi kuliko takwimu. Na mimi si afadhali sana: kabla sijafika nyumbani nilikwisha kutunga sentensi ya kwanza, ya kuhuzunisha kweli kweli, na mtu mwenyewe sijampata.

Mchana kutwa naandika Kifaransa. Hapa naandika Kiswahili, kwa sababu kulalamika kwa Kifaransa hakunikati kiu.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa Claudine wa kwaya amenivuta kando. "Unatafuta mwanamuke wa sayansi? Na Maman Berthe basi? Alikuwaka chimiste kule Lubumbashi, mbele ya kuya huku."

Maman Berthe Kisimba, mkemia kabla ya kuja huku! Muda wote huu nakaa nyuma ya kofia yake kanisani nikidhani alifundisha watoto wadogo kusoma. Nimemkimbilia mlangoni, nikajieleza. Ameniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

"Kuya mercredi," amesema. "Na usilete gâteau, niko na sukari."

Jumatano, 9 Oktoba

Huendi kwa mzee mikono mitupu, kisukari au si kisukari, kwa hiyo badala ya keki nimenunua maparachichi kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles na kuyapakata kwenye tramu mpaka kwake Berchem. Ameyabonyeza moja moja, akatenga moja lililoharibika, akanirudishia. Hapo nikajua nina kazi.

"Vua viatu, mutoto wa Bukavu. Unakulaka bukari, ao ni frites tu?"

Tumekula bukari, ugali wetu, na lengalenga, mchicha wa kwetu, na wakati wa kula hakutaka maswali. Baada ya hapo akafuta meza, akaketi wima, akaanza kufundisha.

"Kule kwetu kuko vilima bya shaba. Miti haiote pale, shaba inaiua. Kunaota tu maua, ya bleu, mazuri sana. Bon. Professeur wangu alipima mayani ya ile maua, akakuta shaba mingi. Akaandika: hii maua inakusanya shaba ndani yake. Dunia yote ikafurahi. Alors mi nikauliza: professeur, uliyasafisha mayani mbele ya kuyapima?"

Akanyamaza ili niyaone majani. Nikayaona.

"Maman yangu alikuwa anasafisha lengalenga mara tatu, sababu ya ile vumbi ya cheminée, bomba ya moshi ya kiwanda ya shaba. Kila mwanamuke wa Lubumbashi anajua: mbele ya kupika, safisha. Basi na mi nikasafisha mayani ya maua, nikapima. Shaba karibu yote ikaenda na mayi. Ilikuwa vumbi. Vumbi juu ya yani!"

Alikuwa na miaka ishirini na sita, msichana peke yake katika maabara ya wanaume. Kazi yake aliiandika yote, akaipiga taipu mwaka 1979. Profesa wake alishatangaza kwamba ua linakusanya shaba. Ripoti iliyosema ni vumbi iliingia kwenye droo yake, na haikutoka. Baadaye Maman akaolewa, akazaa, akaja Ubelgiji. Vyeti vyake havikutambuliwa hapa, akafundisha watoto wa mtaa hesabu na kemia mpaka alipostaafu. Amenipa nakala ya ripoti, karatasi zimegeuka rangi ya chai.

"Sikiliza, Viviane. Mi sitaki bantu banihurumie. Nataka muntu moya asome hii kazi mupaka mwisho. Moya tu. Niko na miaka makumi saba na moya. Nisikufe kama hakuna mwenye aliisoma."

"Nitaisoma, maman."

Njiani kurudi mvua ilinipiga na sikuijali. Nina hadithi yangu! Profesa mbaya, droo, vumbi, mama wa Lubumbashi na sufuria ya lengalenga. Jean-Pierre atalia mpaka akauke.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Nimesoma mwanzo wa ripoti na hitimisho. Katikati ni majedwali na vipimo tu.

Jumatano, 16 Oktoba

Jean-Pierre amesoma ukurasa wangu wa kwanza. Amesema droo ni nzuri sana, tuiongeze droo.

Jumatano, 23 Oktoba

Berchem tena. Leo nilitaka kujua alivyojisikia. Alijisikiaje siku ya droo? Alilia? Alimwambia nani? Kila swali lilimfanya atazame dirishani, ambako palikuwa na mvua na jengo la jirani.

"Ulisoma kazi yangu?" akaniuliza ghafla.

"Nimesoma, maman."

"Basi unaona namna gani?"

"Ni nzuri sana."

"Nzuri namna gani?"

Nikasema nzuri sana, maman, tena ya ujasiri, na miaka hiyo, na msichana, na wanaume wale. Alinisikiliza kwa subira kama wanavyosikilizwa watoto wanaosoma shairi la Noeli. Kisha akaenda kuchemsha maji ya chai, na kule jikoni nilimsikia akipumua kwa nguvu. Nadhani ni uchungu wa kumbukumbu. Niliandika hivyo hata kwenye simu yangu: "uchungu wa kumbukumbu, jikoni". (Naongeza mwezi Novemba: kumbe mimi ni mpumbavu wa namna gani, lakini hilo nimelijua baadaye, na sitalifuta.)

Alhamisi, 24 Oktoba

Mafua.

Jumatano, 30 Oktoba

Kanuni ya kazi yetu: kila utafiti unaoandika juu yake lazima umwonyeshe mtaalamu mwingine asiyehusika. Nilimtumia ripoti Chloé, mtafiti wa mimea ambaye amewahi kunisaidia, msichana mwenye miwani mikubwa na nywele za kujikatia mwenyewe. Leo nimekwenda kwake kuchukua sifa. Nilihitaji sentensi moja tu ya kupamba makala.

Sentensi nimeipata. Amesema kazi hii iliutangulia wakati wake, kwamba hata leo wapo watu wanaopima majani bila kuyaosha vizuri, na kwamba swali la Madame Kisimba lilikuwa swali sahihi. Nilikuwa naandika mbio mbio.

"Ila kuna siki," akasema.

"Siki gani?"

"Ukurasa wa sita. Maji safi ya maabara yaliisha, akaosha majani kwa maji yaliyotiwa siki. Siki ni asidi. Asidi haiondoi vumbi tu, inaweza kunyonya shaba iliyomo ndani ya jani lenyewe. Kwa hiyo shaba aliyoiona ikienda na maji, nyingine ilikuwa vumbi kweli, nyingine ilitoka ndani. Amesema karibu yote ni vumbi. Sidhani. Wewe uliionaje hiyo sehemu?"

Niliionaje! Nikakohoa, nikasingizia mafua.

Chloé hakusema kwa dharau hata kidogo. Alikuwa amechangamka, amejaza pembeni mwa nakala kwa penseli, mishale na alama za kuuliza. Mimi nilichoona ni uso wa Maman Berthe tu, na maneno yake ya "nisikufe".

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemweleza Élisée, mume wangu. Yeye anaendesha tramu mchana kutwa na anapenda mambo yaende kwenye reli zake.

"Attends. Unataka kwenda kwa maman wa watu, wa miaka makumi saba na moya, umwambie alikosa? Juu ya vinaigre, siki ya saladi?"

"Si mimi. Ni Chloé anasema."

"Chloé ni muzungu, anaweza kusema. We ni mutoto wake. Muntu mukubwa haambiwi alikosa, Viviane. Hata kama alikosa, unanyamaza, unakula, unarudi ku nyumba."

Nimempigia Claudine, naye akasema yale yale kwa sauti ya juu zaidi, akaongeza kwamba kanisa zima linasubiri makala na Abbé, padri wetu, ameahidi kuyataja. Basi ikawa watatu tumekubaliana. Na nikiri, nimepumua. Bila siki makala yananyooka vizuri: alikuwa sahihi, hawakumsikiliza. Ukiweka siki, msomaji anaanza kujiuliza kama profesa hakuwa na haki ya kufunga droo. Nitamwachia huyu mama heshima yake. Amesubiri vya kutosha.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua na upepo. Makala yamekwisha. Jean-Pierre amelia, au ana mzio.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempelekea Maman Berthe nakala kabla ya kuchapishwa. Amevaa miwani, ameisoma polepole huku kidole kikifuata mstari, kurasa zote. Mimi nilikuwa nakula karanga kwa wasiwasi.

Alipomaliza aliikunja mara mbili.

"Unajua kuandika," amesema.

"Asante, maman."

"Umeandika tiroir, droo, mara mingi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza Chloé ni nani, ni mkemia au ni mtaalamu wa mimea, yuko wapi, na zaidi ya yale mazuri yaliyomo humu alisema nini kingine.

"Basi hivyo tu, maman. Aliipenda sana."

Niliyasema hayo bila kupepesa macho. Akavua miwani, akaenda kunifungia bukari ya kumpelekea Élisée.

Ijumaa, 15 Novemba

Simu ya Maman Berthe mchana. "Kuya kesho." Akakata.

Jumamosi, 16 Novemba

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia Berchem, ghorofa ya tatu, kwenye meza iliyofutwa.

Hakunipa chakula, na hilo peke yake lilitosha kunitisha. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Ripoti ilikuwa mbele yake, imefunguliwa katikati.

"Nilimupigia telefone Mademoiselle Chloé," akasema. "Nilimutafuta ku université, nikamupata. Nilitaka kumushukuru. Tukaongea kidogo, akaanza kuniambia juu ya vinaigre. Alizani najua. Alizani uliniambia."

Nilitaka sakafu ifunguke.

"Maman, sikutaka kukuumiza. Nilisema, kwa heshima—"

"Ngoja. Swali moya. Hii kazi uliisoma mupaka mwisho?"

Kuna maswali ambayo hata ukijibu uongo, uso umeshajibu ukweli.

"Nilisoma mwanzo na mwisho, maman."

"Na katikati?"

"Katikati hapana."

Akatikisa kichwa polepole. Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu.

"Nitakuambia kitu cha professeur wangu," akasema. "We umeandika kama ni muntu mubaya, anapiga kelele. Hapana. Alikuwa muntu ya heshima sana! Alinipa kiti. Alisema, vizuri sana, mademoiselle, très intéressant. Akaweka ndani ya tiroir, akafunga, pole pole, bila makelele. Sikiliza muzuri: kama angenibishia, na mi ningemubishia. Angesema, Berthe, na vinaigre yako je? Ningekasirika, ningelia, kisha ningerudilia kazi yote na mayi safi. Nilikuwa na miaka makumi mbili na sita! Nilikuwa na maabara, nilikuwa na macho. Kosa ningeiona pale pale. Lakini hakuna mwenye alinibishia. Kosa yangu imekaa na mi hii miaka yote kama mutoto mwenye hakukomaa, sababu hakuna muntu alisoma page six."

Akaweka kidole juu ya ukurasa wa sita.

"Na we umenifanya vile vile. Na kiti, na heshima. Muntu akikubishia, ni kusema alikusoma. We ulinihurumia tu."

Nikaanza kulia. Nililia kweli, mimi niliyetumwa nikalize wasomaji. Tangu Oktoba namvika mama wa watu kilemba cha ukoka na kujiona mwema. Nilikuwa namhesabia miaka yake, upweke wake na mvua ya dirishani pake, lakini vipimo vyake, kitu pekee alichoniomba nikiangalie, niliviruka kama mtu anayeruka matangazo.

Maman Berthe aliniacha nilie kiasi alichoona kinatosha.

"Bon. Nenda unawe uso. Kisha ukae, tusome katikati."

Tumesoma katikati mpaka mchana ukaisha. Amenipitisha jedwali kwa jedwali, mstari kwa mstari, na kila niliposema "ndiyo maman" alinigonga mkono kwa kalamu. "Usiseme ndiyo. Uliza!" Mwanzoni maswali yalikataa kuja; si rahisi, umelelewa kuinamisha macho mbele ya mzee, halafu mzee huyo huyo anakuamuru uyainue. Swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga. La pili pia. La tatu, kwa nini hakuna majani yaliyooshwa kwa maji matupu ya kulinganisha, lilimfanya aweke kalamu chini.

"Sikuwa nayo," akasema. "Ndjo shida. Sikuwa nayo." Na uso wake ukang'aa.

Nilipokuwa navaa koti amenishika mkono mlangoni. "Andika na kosa yangu ndani. Ao usiandike kitu."

Jumatatu, 18 Novemba

Nimemwomba Jean-Pierre anirudishie makala. Amesema kurasa zimeshapangwa. Nimesema zipanguliwe. Tumepandishiana sauti mpaka watu wa chumba cha pili wakafunga mlango.

"Viviane, tunawatetea wanawake hawa, na wewe unataka kuonyesha kwamba wetu alikosea?"

"Wanaume tunaowaandika kila mwezi wanakosea. Tunawaita wanasayansi."

Amenywa kahawa yake iliyopoa. Kisha ameuliza siki inafanya nini hasa kwenye jani, na nikamweleza, nikachora, na nikamwona mtu huyu wa machozi akiinama juu ya mchoro wangu na kusahau kuhuzunika. Amenipa mpaka kabla ya Noeli, na ameng'oa tangazo la baiskeli ili nipate ukurasa zaidi. Nimesema vibaya sana juu yake humu, nafuta nusu.

Jumatano, 20 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya saa sita. Claudine hanisemeshi. Amesikia kwamba namtafutia Maman Berthe makosa.

Jumamosi, 23 Novemba

Maman Berthe na Chloé wamekutana leo, jikoni Berchem. Safari hii kulikuwa na chakula, tena cha kutosha wageni kumi. Chloé alikuja na chupa ya divai na woga. Alipanga kuanza kwa pongezi ndefu. Nilimwona ameziandika kwenye karatasi. Maman akamkata mapema.

"Acha hiyo, mon enfant. Vinaigre."

Nimeona watu wakigombana maishani mwangu, lakini sijaona ugomvi mtamu kama ule. Chloé alisema asidi inanyonya ndani ya jani. Maman akasema siki yenyewe ilikuwa kidogo, tena aliyachovya majani na kuyatoa upesi. Chloé akauliza upesi kiasi gani. Maman akafungua ripoti, akaitafuta mistari ile kwa kidole.

"Sikuandika," akasema.

"Basi hatuwezi kujua," akasema Chloé, kisha akawa mwekundu mpaka masikioni kwa kuogopa alichokisema.

"Eh! Ndjo vile!" Maman akapiga meza. "Ndjo vile inasemwaka! Viviane, unasikia? Hatuwezi kujua!"

Samaki akapoa. Wakachora juu ya bahasha ya bili ya umeme, wakanyang'anyana kalamu. Chloé ana mimea ya vilima vya shaba katika banda la vioo la maabara yake, imeoteshwa ndani, haijawahi kuona vumbi. Ukiosha majani yale safi kwa siki na shaba ikatoka, basi imetoka ndani, hakuna mjadala. Maman akasema lazima mengine yaoshwe kwa maji matupu, na mengine yasioshwe kabisa. Chloé akasema alikuwa anataka kusema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nakula na kuandika, na hakuna aliyenikumbuka.

Nilikuwa nimekuja Berchem kutafuta mwanamke aliyesahauliwa. Leo nimemwona mkemia mkali, mbishi, mwenye majivuno yake, na nadhani alikuwepo siku zote nyuma ya meza ile, ananisubiri nimalize kumwonea huruma.

Jumapili, 1 Desemba

Claudine amenisalimu, nusu.

Jumatano, 4 Desemba

Wameosha majani leo, kwenye maabara ya Chloé. Maman Berthe amevaa koti jeupe la maabara lililomfika magotini, akamkemea kijana mmoja wa pale kwa kushika majani bila glavu. Hakukubali kukaa. Matokeo wiki ijayo. Kwenye tramu aliushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Unaogopa, maman?"

"Sana," akasema.

Alhamisi, 12 Desemba

Majibu yametoka, na Chloé amenituma mimi kuyapeleka, eti mimi ni wa nyumbani. Mwezi uliopita ningeyapaka asali kwanza. Leo nimevua viatu, nikaketi, nikasema: "Maman, umekosea. Siki ilitoa shaba ndani ya jani, na si kidogo. Kwa hesabu za Chloé, kama nusu ya ile uliyoiita vumbi haikuwa vumbi."

Alifumba macho. Niliogopa kuliko siku ya siki, kwa sababu siku ile nilijiogopea mimi.

"Na nusu ingine?" akauliza.

"Nusu nyingine ni vumbi. Hapo ulikuwa sahihi. Na profesa wako, aliyepima bila kuosha kabisa, alikosea zaidi yako, maman."

"Ah, ule, najua." Akafumbua macho. Yalikuwa na machozi na alikuwa amekasirika, nafikiri alijikasirikia yeye, msichana yule mwenye chupa ya siki. Nilitaka kumwambia pole, nikaizuia. Nilimuuliza kama angekuwa na maji safi siku ile angechovya majani kwa muda gani. Akaanza kunijibu, na jibu lilichukua muda mrefu, na katikati yake akainuka kupika.

Jumatatu, 16 Desemba

Makala mapya yamekwenda kuchapwa. Jani limepewa kurasa mbili. Droo ina mstari mmoja. Jean-Pierre hajalia, amesema tu, "Nimeelewa kitu," na kwa mhariri wa jarida la sayansi nadhani ndiyo sifa yenyewe. Élisée ameyasoma yote mezani, midomo ikicheza, akauliza kama na sisi tunaosha mboga vya kutosha.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua, giza tangu asubuhi. Chloé anaandika matokeo kwa ajili ya jarida la watafiti, lile la kweli, si kama letu. Jana jioni alinitumia rasimu, akaomba nimwonyeshe Madame Kisimba. Nimeisoma yote kabla ya kutoka nyumbani, pamoja na katikati, pamoja na majedwali.

Maman Berthe alikuwa anamenya vitunguu, mikono imelowa, kwa hiyo nimemsomea mimi. Mwanzo ulikuwa wa mambo ya udongo, hakusema kitu. Kisha nikafika kwenye sentensi yenyewe, nikaisoma kwa Kifaransa: "Contrairement à Kisimba, 1979, nous trouvons que..."

Kisu kikasimama.

"Rudilia."

Nikarudia. Akaniomba nimwambie na kwa Kiswahili, aisikie vizuri, na nikamwambia: kinyume na alivyoandika Kisimba mwaka 1979, sisi tumeona kwamba karibu nusu ya shaba ilitoka ndani ya jani.

"Kisimba," akasema. "Ananipinga."

"Anakupinga, maman. Kwa jina na mwaka."

Akakaa juu ya kigoda, kitunguu mkononi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasingizia vitunguu, akaacha kusingizia, akalia waziwazi, bega lake likigonga bega langu. Hakuna aliyewahi kumpinga kwa maandishi maishani mwake. Mimi nikalia naye, na safari hii sikuona aibu.

Kisha akanawa mikono. Akaipangusa kidole kwa kidole, akavaa miwani, akavuta karatasi za Chloé mbele yake na kunyoosha mkono bila kuniangalia, nimpe kalamu.

"Bon," akasema. "Tuone huyu mutoto alikosa wapi."